Ile mashine yako ya kurekodi, bado unayo?

Ndugu yangu,

Mambo vipi huko? Najua nimekaa kimya mpaka aibu, na najua ukiona barua ndefu toka kwangu tayari unajua kuna kitu nataka, basi hujakosea, ila kabla sijafika huko nina msamaha wa kukuomba. Huku wote wazima, mama hajambo isipokuwa magoti, dada kajifungua wa tatu, anafanana na wewe sijui kwa nini, tumecheka sana. Haya salamu zimeisha.

Msamaha wenyewe ni wa ile diski ya kareti. Unaikumbuka, ile niliyokusema mbele ya Mrefu na wenzake kwamba umeikalia, nikakuita mkopaji asiyerudisha, ukaapa mpaka ukachoka. Bwana, ninayo mimi. Nimeikuta juzi ndani ya kasha la filamu nyingine kabisa, na kwenye kasha lake nimekuta diski ya mazoezi ya tumbo ambayo hakuna mtu hapa nyumbani anayekubali kuwa ni yake. Kwa hiyo ulikuwa sahihi na mimi nilikuwa mjinga, umeona nimeandika kabisa, ukitaka mwonyeshe Mrefu.

Mpaka nikaikuta ni kwamba deki yetu imekufa. Ilianza kwa kutema diski, unaiwekea inavuta inanguruma kidogo inatema, baadaye ikawa haifungui hata mdomo, tukabaki na maboksi matatu ya diski na tivii kubwa ya kisasa ambayo haina pa kuziingiza. Mama akasema tupeni. Nikasema hapana, nitazihamishia zote kwenye eksteno, ile diski kubwa ya nje ya kuhifadhia mafaili, mtu akikaa kwenye kochi ni rimoti tu. Nilidhani ni kazi ya wikiendi moja. Huu ni mwezi wa pili, nimekuwa fundi bila kutaka, na kuna diski moja ndiyo inayonifanya nikuandikie leo, ila ngoja nikupe mkasa kwa mpangilio maana nisipoeleza nilivyohangaika utadhani sijajaribu.

Laptopu yangu haina tundu la diski, ikabidi nitafute kisomeo cha pembeni cha kuchomeka kwa USB. Nikaanza na mahafali yako. Nikafungua diski nikakuta folda inaitwa VIDEO_TS imejaa mafaili ya VOB, nikakopi folda nzima, nikachomeka eksteno kwenye tivii, nikaita watu. Ikacheza vizuri kabisa, halafu mgeni rasmi yuko katikati ya sentensi, kwishnei, skrini nyeusi. Kumbe kwenye DVD video inakatwa vipande, kila kipande hakizidi GB 1, na deki ndiyo ilikuwa inaviunga yenyewe bila sisi kujua, tivii yangu haijui kuunga na wala haitaki kujifunza. Dawa nikaipata kwenye programu moja inaitwa MakeMKV, ile inachukua vipande vyote inavifunga kwenye faili moja bila kuigusa picha yenyewe, kama kuhamisha nguo kutoka mifuko midogo kwenda sanduku moja. Diski iliyojaa inanichukulia kama dakika ishirini, unaweka, unaenda kuoga, unarudi.

Basi nikajiona nimemaliza. Wapi. Faili la kwanza kubwa kulipeleka kwenye eksteno ikaniambia faili ni kubwa mno, na eksteno yenyewe ni ya TB 2 na iko karibu tupu! Nikaitukana nusu saa. Kumbe ilikuwa imefomatiwa kwa mtindo wa zamani wa FAT32 ambao haupokei faili la kufika GB 4, hata kama nafasi imebaki ya kumwaga. Nikaifomati upya kwa exFAT, laptopu ikafurahi, tivii ikasema haioni kitu. Nikaifomati tena kwa NTFS, hapo ndipo wote wawili wakapatana. Na kila ukifomati unafuta vyote ulivyokwisha kuweka, kwa hiyo mahafali yako nimeyakopi mara tatu, hotuba ya mgeni rasmi naijua kwa moyo, ukitaka nikuimbie.

Usicheke lakini, picha zenyewe kwenye tivii hii zinatia huruma. Zile diski zetu picha yake ni pikseli 720 kwa 576, yaani laki nne na kidogo, tivii ya 4K ina zaidi ya milioni nane, sasa inabidi ijaze pengo lote hilo kwa kubuni. Mama kajiona akasema mbona nina ukungu usoni. Halafu tivii ikawa inavuta picha ya mraba ijae kioo kizima, watu wote wakawa wanene, shemeji akanuna mpaka nikaenda kwenye seti nikazima kule kuvuta. Na mtu akikimbia anaota mistari kama meno ya kitana, hiyo ni kwa sababu kamera zile zilikuwa zinachukua picha nusu nusu, mistari ya shufwa kwanza halafu ya witiri, na ndiyo nikalazimika kupitisha nyingine kwenye programu ya HandBrake kuinyoosha hiyo mistari. Hiyo nayo inapunguza faili, la GB 4 linashuka mpaka GB 1 na kitu, ila laptopu inapumua kama imebeba mizigo. Za familia nimeziacha na faili la asili pia, sitaki miaka kumi ijayo nijilaumu kwamba nilizibana.

Zile za filamu za kununua nimezipanga pembeni kwanza. Zina kufuli ndani yake ya kuzuia kukopi, na kuivunja hiyo kufuli si kila mahali sheria inakuruhusu hata kama diski ni yako, Marekani kwa mfano wana sheria yao tangu 1998 inayokataza. Nitazisomea taratibu. Kwa sasa tunaziangalia moja kwa moja toka kwenye kile kisomeo, laptopu imeungwa na tivii kwa waya wa HDMI, inatosha.

Nilichokuwa nahangaikia hasa ni zile za Mzee.

Unajua Mzee alivyokuwa na kamera yake. Kila sherehe, kila mtoto, kila mvua ikinyesha sana. Nimehamisha diski 61 za kwake, zote nimeziangalia, na humo ndani yeye hayumo. Hayumo kabisa! Yuko nyuma ya kamera, unamsikia anakohoa, unamsikia anasema sogeeni, sogeeni, wewe mfupi njoo mbele, basi. Mara moja tu kivuli chake kimeonekana ukutani, nimesimamisha hapo hapo nikamwita mama. Siku moja tu ndiyo aliacha kamera, harusi ya dada, kwa sababu alitakiwa kusema, akakupa wewe. Unakumbuka? Ukawa unatetemeka mkono, akakuambia shika kama unashika kikombe cha chai ya moto. Halafu wewe ndiye ulikwenda kuirekodi kwenye ile mashine yako kubwa, ukaleta diski, umeandika kwa peni yako juu yake, HARUSI, na herufi ya mwisho imekosa nafasi imepanda juu.

Hiyo diski haifunguki. Laptopu inasema ni tupu, baiti sifuri. Nikajua basi imeharibika, nikaipangusa kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje kama inavyotakiwa, nikajaribu kisomeo cha jirani, nacho kikasema tupu. Ila ukiigeuza kwenye mwanga unauona kabisa mduara uliokolea rangi kuanzia katikati, zaidi ya nusu ya diski, kwa hiyo imeandikwa, kitu kipo. Na tena nikuambie nilivyoponea, laptopu si inaiona tupu, ikaniuliza kwa adabu kabisa kama ningependa kuitayarisha nianze kuweka mafaili yangu, na kidole changu kilikuwa kwenye ndiyo. Sijui nini kilinizuia. Jasho lilinitoka, nikaitoa nikaifungia kwenye kabati na funguo ninazo mimi.

Nikasoma sana baada ya hapo, usiku wa manane na maji baridi. Inaelekea diski haikufungwa mwishoni, ile hatua wanayoiita fainalaizi, mashine za kurekodi zilikuwa zinakuachia uifanye mwenyewe kwenye menyu, na usipoifanya mara nyingi diski inasomeka kwenye mashine ile ile iliyoirekodi tu, kwingine inaonekana tupu. Sikulaumu, nani alikuwa anajua, tena kwako ilicheza vizuri ndiyo maana ukaileta ukiwa na furaha. Kwenye deki yetu sikumbuki kama tuliijaribu hata siku moja, Mzee alipenda kusema tutaiangalia wote tukikutana, halafu ndiyo vile.

Ndiyo shida yangu. Ile mashine. Nzito, ya kijivu, ilikuwa inakaa juu ya kabati kwa mama yako. Najua ulihama mara mbili tangu pale na najua shemeji hapendi vitu vya zamani vikusanye vumbi, nilimsikia mwenyewe siku ile akisema ataita mtu wa vyuma chakavu. Kama ipo usiitupe, nakuomba sana. Kama alishapewa mtu, ni nani, nitamfuata mimi. Na kama imekufa hata kuwaka haiwaki, basi niandikie maandishi yote ya nyuma yake, jina na namba ya modeli, maana mara nyingine mashine nyingine ya modeli ile ile huwa inaweza kuisoma, nitaitafuta kwa wauza vitu vilivyotumika mpaka niipate.

Tena kama inawaka usihangaike kunitumia, wala mimi sitaituma diski kwa mtu yeyote, nitaibeba mwenyewe mapajani kama yai. Nina mpango wangu, kwanza hatutabonyeza fainalaizi, tutaicheza tu, na wakati inacheza nitakuwa nimechomeka zile nyaya tatu, njano, nyekundu na nyeupe, kwenye kidude cha kuingiza video kwenye laptopu ili nirekodi inavyopita, ikikubali hata mara moja tu tumeshapata. Ndiyo baadaye tujaribu kuifunga. Maana nimeona watu wanasema kuifunga diski ya zamani kunaweza kugoma katikati, na diski hizi za kuchoma hazidumu milele, rangi yake inachuja, na hii imekaa karibu na dirisha muda mrefu kwa uzembe wangu.

Hii ya kuchekesha nimeisahau. Nimeweka programu inaitwa Jellyfin ili kwenye tivii zitokee zimepangwa vizuri na picha za jalada, ni ya bure, nikaziingiza zote kama filamu, basi yenyewe ikawa inasoma jina la faili inakwenda kutafuta filamu ya jina kama hilo. Arobaini ya mtoto wa dada imewekewa jalada la filamu ya kutisha, na mahafali yako yamewekewa mwanamke kavaa miwani ya jua ameshika bastola. Nimeshajua kwamba kuna sehemu yake maalum ya video za nyumbani, huko haibuni majalada, lakini yako nimeiacha hivyo hivyo, inakufaa.

Zote za familia nimeziwekea kopi mbili, moja hapa moja kwa dada, eksteno ikianguka si habari tena. Imebaki hiyo ya HARUSI tu. Mama hajui kama haifunguki, nimemwambia bado sijaifikia, na kila jioni ananiuliza umefika ya ngapi.

Sasa nijibu, na ujibu haraka. Mashine ipo? Inawaka? Rimoti yake unayo, maana hiyo menyu inaweza kuwa kwenye rimoti tu? Siku ile ulirekodi diski moja au ulijichomea na ya kwako, na kama ulijichomea iko wapi? Ile kaseti ndogo ya kamera ulimrudishia Mzee au ilibaki kwako? Nikumbushe pia, alisema dakika ngapi, mimi nilikuwa nje napokea wageni, sikumsikia, alisema nini? Na lini nije, Jumamosi hii utakuwepo?

Msalimie shemeji, mwambie asiite mtu wa vyuma chakavu kwanza.

Wako yuleyule

Nimekumbuka: ile diski ya mazoezi ya tumbo, si yako kweli?