Kampuni Zinazouma Huku Zikipuliza: Barua ya Wazi kwa Katibu Mtendaji wa Mkataba wa Tabianchi

Kwa Katibu Mtendaji,
Sekretarieti ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Mabadiliko ya Tabianchi,
Bonn, Ujerumani.

Mheshimiwa Katibu Mtendaji,

Kazi yangu ni uhasibu, kwa hiyo niwie radhi nikianza na vitabu vya hesabu. Kampuni kubwa karibu zote siku hizi hutoa taarifa ya mazingira kila mwaka. Nimezisoma nyingi. Jalada lina jani bichi lenye tone la umande, ndani kuna barua ya mkurugenzi mkuu, na lengo la kufikia "sifuri halisi" mwaka 2050 (kutoongeza tena gesi za kupasha dunia joto kuliko zinazoondolewa hewani) limeandikwa kwa herufi za kuonekana kutoka mbali. Tarakimu zenyewe zimesukumwa nyuma, kwa maandishi madogo, na mara nyingine utakuta mwaka wa kulinganishia umebadilishwa kimyakimya kwa kuwa ule wa zamani uliwaaibisha. Hilo lina dawa. Mkaguzi mwenye macho atalinasa.

Kinachonikosesha raha ni safu ambayo haimo kabisa. Mwongozo wa GHG Protocol, uliotoka mwaka 2001 na ambao ndio kampuni nyingi hufuata, unagawa gesijoto, yaani gesi zinazopasha dunia joto, katika mafungu matatu: inayotoka kwenye matanuru na magari ya kampuni yenyewe, inayotokana na umeme inaonunua, na ile ya wengine wote kwenye mnyororo wake, kuanzia anayemuuzia malighafi hadi mteja anayechoma mafuta aliyonunua. Fungu la nne halipo. Gesijoto inayoendelea kutoka kwa sababu sheria fulani haikupita, na haikupita kwa sababu kampuni ilituma watu wakaikwamisha, haiandikwi popote. Pengine ndiyo kubwa kuliko zote.

Tumekwisha kuliona hili. Global Climate Coalition ilianzishwa mwaka 1989, ikakusanya kampuni za mafuta, za magari na vyama vya wenye viwanda, na kwa zaidi ya miaka kumi ikatia shaka sayansi na kupinga hatua za kudhibiti gesijoto, ikiwemo Itifaki ya Kyoto, makubaliano ya mwaka 1997 ya kupunguza gesi hizo. Kampuni ilikuwa na uhuru wa kusema maneno matamu kwa jina lake, na maneno makali yakasemwa na umoja. Aibu ilipozidi wakaanza kujitoa mmoja mmoja, Ford ikiwemo mwaka 1999, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 umoja wenyewe ukafungwa. Mtindo haukufungwa. Bado kampuni inapuliza kwenye taarifa yake na kuuma kupitia chama chake.

Hapo ndipo ofisi yako inapoingia, Mheshimiwa. Kwa utaratibu wa mikutano yenu, kampuni ya biashara haijiandikishi kama mwangalizi kwa jina lake. Waangalizi wasio wa serikali wanapaswa kuwa taasisi zisizotafuta faida. Kwa hiyo mtu wa kampuni huingia na beji ya chama cha wafanyabiashara, au na beji ya ujumbe wa nchi. Ukikutana naye ukumbini, kilicho shingoni mwake hakikwambii nani anamlipa mshahara. Kwenye mkutano wa Dubai mwaka 2023, muungano wa mashirika ya kiraia uliopekua orodha zenu ulihesabu washawishi 2,456 wenye uhusiano na nishati za kisukuku, yaani mafuta, gesi na makaa ya mawe. Waliweza kuhesabu kwa sehemu kubwa kwa sababu mwaka huohuo mlianza kuwataka wanaojiandikisha waeleze uhusiano wao na aliyewapa nafasi. Hongera kwa hilo. Ila kumjua mtu ni nani bado hakunambii alichokuja kutaka.

Wapo watakaokushauri ufunge mlango tu. Wanataja Mkataba wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa Kudhibiti Tumbaku, ambao ibara yake ya 5.3 inazitaka nchi zilinde sera zao za afya dhidi ya maslahi ya kampuni za tumbaku. Naelewa hasira yao, na kwa baadhi ya kampuni siwezi kuwabishia. Lakini dunia inaweza kuishi bila sigara. Bila saruji, sijui.

Na saruji ni somo zuri. Jiwe la chokaa huingizwa kwenye tanuru refu linalozunguka, joto linafika nyuzi 1,450 hivi za Selsiasi, na jiwe linaachia hewa ukaa iliyokuwa imefungwa ndani yake. Zaidi ya nusu ya hewa ukaa ya saruji inatoka hapo, kwenye jiwe lenyewe. Hata ukiliwasha tanuru hilo kwa umeme wa jua, jiwe litatema ileile. Viwanda hivi vinatoa takriban asilimia 8 ya hewa ukaa inayotokana na shughuli za binadamu. Njia za kupunguza zipo, mojawapo ikiwa ni kupunguza klinka (kile kinachotoka tanurini na kusagwa kuwa saruji) na kuchanganya udongo wa mfinyanzi uliochomwa pamoja na jiwe la chokaa lisilochomwa. Ila kiwanda kikianza peke yake na gharama ikapanda, mteja anahamia kwa jirani. Na kama viwango vya ujenzi vya serikali vimeandikwa kwa saruji ya zamani, mwenye kiwanda hatapata zabuni hata kama saruji yake ni imara. Mwenye kiwanda huyu anahitaji sheria inayowabana wote sawasawa. Nataka awe ukumbini, aiseme hiyo sheria anayoitaka kwa jina lake.

Imewahi kutokea. DuPont, iliyokuwa ikiongoza duniani kwa kutengeneza CFC, gesi za majokofu na makopo ya kupulizia zinazoharibu tabaka la ozoni, ilipinga udhibiti kwa miaka, kisha mwaka 1986 ikakubali kuwe na ukomo wa kimataifa. Itifaki ya Montreal, ya kuzidhibiti gesi hizo, ikatiwa saini Septemba 1987, na Machi 1988 kampuni ikatangaza kuacha kabisa. Sidhani walipatwa na huruma ya ghafla kwa tabaka la ozoni. Sheria ya kuwabana wote iliwafungulia soko la gesi mbadala. (Baadhi ya mbadala hizo nazo ziligeuka kuwa gesijoto kali, ikabidi itifaki hiyo irekebishwe Kigali mwaka 2016. Lakini hiyo ni barua nyingine.)

Ombi langu ni dogo. Fomu ya kujiandikisha iongezwe maswali mawili kwa kila anayelipwa na kampuni au chama cha wafanyabiashara, awe na beji ya mwangalizi au ya nchi: katika miezi kumi na miwili iliyopita mmeunga mkono au mmepinga miswada ipi ya tabianchi, na mnalipa ada kwa vyama gani? Majibu yawekwe hadharani kabla ya mkutano. Nasema "kuunga mkono au kupinga" kwa makusudi. Sheria ya Marekani ya mwaka 1995 inawalazimu washawishi kutaja miswada waliyoizungumzia na fedha zilizotumika, lakini haiwalazimu kusema kama walitaka mswada upite au ufe.

Jopo la wataalamu aliloliunda António Guterres akiwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, likiongozwa na Catherine McKenna, aliyewahi kuwa waziri wa mazingira wa Kanada, lilisema Novemba 2022 kwamba kampuni haiwezi kudai inaelekea sifuri halisi huku ikishawishi dhidi ya sera za tabianchi. Sasa tupeni karatasi ya kuwapimia.

Najua utaniambia kanuni za mkutano ni za nchi wanachama, na wengine hawatakubali. Sawa. Waulizwe, na majina ya waliokataa yaandikwe. Wala siombi ofisi yako ihukumu majibu. Wekeni tu karatasi mezani. Kuzisoma, hata maandishi madogo, tutazisoma sisi.

Wako,
Mhasibu mmoja