Rukia, Malcha Mahal usiende usiku

Tanga, Jumatatu usiku

Shoga yangu Rukia,

Asalaam aleikum. Mama ameamkaje? Mfikishie shikamoo yangu, na umwambie dua tunamwombea. Nisamehe kwa kimya. Sauti zako tatu nilizisikia tangu Ijumaa, ila nimeona nikujibu kwa maandishi ili baadaye usije ukasema mtandao ulikatika. Jumamosi usiku usiende Malcha Mahal, hilo gofu la hapo Delhi wanalosema lina mzuka. Hao wanafunzi wa hosteli waache waende wenyewe.

Usidhani naogopa mzuka. Mle ndani mzuka ndio wa mwisho wa kuogopwa.

Gofu lenyewe liko ndani ya msitu wa Ridge, ukiiacha barabara ya Sardar Patel na kupita kando ya kituo cha satelaiti cha ISRO, shirika la anga la India. Mbele ya hapo njia ni mbovu, na pande zote ni miiba. Ile miti ni mathenge, mathenge hasa, ile iliyowatesa watu wa Baringo kule Kenya. Delhi wanaiita vilayati kikar kwa kuwa ililetwa na Waingereza. Na hiyo "vilayati" ndiyo "Ulaya" yetu, asili yake ni neno moja la Kiarabu. Sasa ajabu: bibi unayeambiwa anatembea mle usiku aliitwa Wilayat. Neno moja limezaa bara, mti na mzuka! Basi ndala usivae. Mwiba wa mathenge unapenya soli ukafika nyamani, na bajaji nyingi hazitakubali kuingia huko.

Uliuliza jumba ni la nani. Alilijenga Sultani Firoz Shah Tughlaq katika karne ya 14, awe na pa kufikia akienda kuwinda. Kwa hiyo usitegemee kasri la dhahabu. Ni kuta nene za mawe na chokaa, vyumba vya kuba na matao yaliyo wazi, limeinuliwa juu ya jukwaa la mawe. Milango haina. Lingebaki gofu kama magofu mengine ya Delhi, kama si huyo Begum Wilayat Mahal (Begum ni kama kusema bibi wa kifalme).

Miaka ya 1970 mwanzoni aliingia stesheni ya treni ya New Delhi na watoto wake wawili, watumishi, mbwa wakubwa na mazulia, akakaa chumba cha kusubiria abiria. Alikaa miaka kama kumi! Hoja yake ilikuwa kwamba yeye ni uzao wa wafalme wa Awadh, kaskazini mwa India, wale ambao Waingereza waliwanyang'anya ufalme mwaka 1856, na akadai arudishiwe mali. Serikali ilipochoka ikampa Malcha Mahal, akahamia 1985. Umeme hakuna, bomba la maji hakuna, mlango hakuna. Wakazungushia waya wa miba na kuweka kibao kwamba atakayeingia atapigwa risasi. Begum alifariki mwaka 1993 kwa kujiua. Wanae walisema alimeza almasi iliyosagwa, na hilo ndilo nakuomba usiwasimulie watu kana kwamba ulikuwepo. Binti yake naye akafa, na mwaka 2017 mwana wa kiume akakutwa amefariki mle mle, peke yake. Baada ya hapo watu wakaingia, wakachukua vya kuchukua, wakarudi na hadithi ya bibi mwenye sari nyeusi.

Sasa sikiliza. Mwaka 2019 gazeti la New York Times lilifuatilia ukoo wao, likamkuta ndugu yao mkubwa Bradford, Uingereza. Ufalme kwao haukuwepo. Wilayat alikuwa mke wa msajili wa Chuo Kikuu cha Lucknow. India ilipogawanywa 1947, familia ikahamia Pakistani. Mume akafa, na mama akafungiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili Lahore. Alipotoka akarudi na watoto upande wa India, na huko ndiko akawa Begum. Yule "mwana mfalme" nyumbani kwao aliitwa Mickey. Halafu uzao halisi wa Wajid Ali Shah, mfalme wa Awadh aliyenyang'anywa, wako Kolkata, na walimkana zamani sana.

Kwa hiyo hao wanafunzi wanataka kukupeleka ukaone mzuka wa malkia ambaye hakuwa malkia. Mimi hilo ndilo linanikera kuliko giza na miiba. Mama wa watu kapoteza nyumba, mume, nchi, na pengine akili, akajitungia ufalme ili watu wamsikilize. Wamemsikiliza lini? Alipokwisha kufa, wakilipa kiingilio. Maana mwaka 2023 idara ya utalii ya Delhi yenyewe ilianzisha matembezi ya mizuka pale. Ukitaka kwenda, nenda na hao kama bado wanaendesha, au nenda mchana.

Kuhusu zile sauti ulizoambiwa. Kilio cha mwanamke ni tausi. Ridge wamejaa, na hasa miezi ya mvua jioni utaapa kuna mtu anachinjwa. Novemba hii kelele za tausi hupungua, utakachosikia ni mbweha. Mmoja akianza kundi zima linaitikia. Nyayo juu ya paa ni kima, na hao ni hatari kweli: usile mbele yao, usiwatazame machoni, usishike mfuko wa nailoni mkononi. Akikung'ata, siku hiyo hiyo uoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha ukimbilie chanjo ya kichaa cha mbwa, usingoje kesho.

Na mawe yanayodondoka yenyewe, Rukia, wewe umekulia kwenye nyumba ya chokaa, hili unalijua. Maji ya mvua yanaingia juu ya paa, mbegu ya mpipali iliyoachwa na ndege inaota kwenye ufa, mzizi unanenepa na kusukuma jiwe. Chokaa ikishalegea jiwe halina kinachoshika, linasubiri kima aruke tu. Akija fundi akaziba kwa saruji ndiyo anaharibu kabisa, saruji haipumui, unyevu unabaki ndani na chokaa ya nyuma yake inakuwa unga. Ule ubaridi ghafla ukiingia chumbani ni ukuta mnene ambao jua la mchana halijaupata. Harufu ni kinyesi cha popo. Usikanyagekanyage vumbi lake, vaa barakoa, mapafu yanaugua. Na wewe unarudi kulala chumba kimoja na mgonjwa!

Paani usipande. Ukingo hakuna, na Novemba jua linazama saa kumi na moja na nusu, giza linakukuta hujui pa kuweka mguu. Nenda saa nne asubuhi, mkiwa watatu au wanne, viatu vya kufunga, mikono mirefu kwa ajili ya mbu wa dengi, maji lita moja kila mtu. Mkikutana na mlinzi akawazuia, rudini.

Kama unachotaka ni majini, mbona huyo huyo Firoz Shah kakuwekea mahali pake? Nenda Feroz Shah Kotla, gofu la ngome yake hapo hapo Delhi, siku ya Alhamisi. Watu wa dini zote wanawaandikia majini barua za shida zao, wanazitoa fotokopi na kuziweka kwenye vijumba mbalimbali vya gofu, kila jini na nakala yake kama maombi ya ofisini. Ubani, maziwa, mishumaa, utadhani uko kwetu usiku wa Ijumaa. Bi Zuhura angehamia kabisa. Pale kuna watu tele na mlango una mlinzi, hata Mama akipata nguvu mnaweza kwenda pamoja.

Sasa nijibu. Majibu ya Mama ya vipimo yametoka? Daktari kasema mnarudi kabla ya Desemba au ndiyo mpaka mwaka mpya? Moshi wa Delhi haumsumbui kifua? Hela alizotuma Salum zimefika, au bado anasema "kesho"? Na nani alikwambia habari ya sari nyeusi, ni yule yule wa Chumbageni? Ukienda Kotla utaandika barua? Utamwomba jini nini? Na Jumamosi usiku utakuwa wapi, niambie kabisa, nikupigie.

Wako,
Mwanaidi