Nimemlea miaka 20, leo nimeletewa linki

Dada, asalaam aleikum.

Naandika saa tisa usiku. Unga wa mahamri nimeshaukanda, uko chini ya kitambaa unaumuka, na mimi usingizi sina. Huu ni usiku wa nne. Mume wangu ameniambia nilale, mambo ya harusi ni ya wanawake na yataisha yenyewe. Hayajaisha.

Nimeletewa linki ya orodha ya zawadi za harusi ya mtoto niliyemlea. Imeingia kwenye simu yangu saa nne usiku, sawa na ilivyowafikia watu wote walio kwenye grupu la harusi, mashoga zake wa kazini, majirani, hata yule fundi wa tenti. Juu imeandikwa "Mpendwa mgeni". Mimi ni mgeni. Mtoto huyu amelala kitandani kwangu tangu ana miaka saba, mamake alipofariki 2005, nikimsuka na kumpaka mafuta ya nazi kila Alhamisi, na mimi ni mgeni.

Orodha zenyewe unazijua. Walikwenda wawili, yeye na mchumba wake, duka moja kule Nyali, wakazunguka wakichagua, duka likaandika kila kitu na bei yake. Ukifungua unabonyeza unachotaka kuwapa, unalipa kwa simu, duka linawapelekea. Kilicholipiwa kinaandikwa kimenunuliwa ili mwingine asikirudie. Vitu 42. Mimi si mtu wa simu, nilifungua siku ya pili nikisaidiwa na kijana wangu, na wenye haraka walikuwa wameshapita. Sahani zimekwenda, blenda imekwenda, mapazia, masufuria, hata kijiti cha kuning'iniza makoti. Vilivyobaki ni friji ya milango miwili 94,000, mashine ya kahawa 31,000, na taulo mbili za mikono 1,800. Friji siiwezi. Mashine ya kahawa sijui hata inavyowashwa, sisi kahawa tunanunua kwa mwenye dele. Kwa hiyo mimi niliyemlea nimeachiwa taulo.

Usinielewe vibaya, sisemi orodha ni kitu kibaya. Mamake alipoolewa 1996 aliletewa chupa za chai tisa. Tisa, dada, na glasi zisizohesabika, na kitanda hakuna. Mbili katika hizo chupa nimezitumia mimi mpaka juzi juzi. Basi faida naiona. Na hata sisi zamani tulikuwa na orodha yetu, ila ilikuwa ya mdomo. Wanawake wa upande wa mama walikaa juu ya mkeka, mmoja akasema kitanda ni changu, mwingine akasema godoro mniachie mimi, mwingine akasema mimi sina kitu lakini nitapika siku zote tatu. Bi harusi yuko ndani, hasikii. Bei haikutajwa. Na anayeanza kusema ni mama, na kama mama hayupo ni mama mdogo. Hiyo ilikuwa nafasi yangu. Nimeingoja miaka 20, mkeka nimeununua mpya, umesimama nyuma ya mlango.

Nilimwambia. Nilivuka feri Jumamosi nikamfuata kwake, maana yeye siku hizi ana chumba chake ng'ambo. Alinishika mkono vizuri, shikamoo mama, akanipikia chai. Nikamwambia mwanangu, vitu hivi huanza nyumbani. Akasema, "Mama, hii inawapunguzia watu tabu, kila mtu ananunua anachoweza." Akanisomea kwenye simu kwamba mambo haya yalianza Marekani, duka la Marshall Field's huko Chicago, mwaka 1924, kwa hiyo si uhuni wa leo. Nikamwambia hata huko Chicago naamini mamake mtu aliambiwa kwanza kwa mdomo. Akanyamaza. Halafu akasema neno ambalo limenikaa hapa kooni: "Mama, wewe si lazima ulete kitu." Najua alitaka kunipumzisha. Anaujua mfuko wangu. Lakini kumwambia mzazi si lazima ulete kitu, dada, ni sawa na kumwambia si lazima uje.

Na kweli nimesema siendi. Nimewaambia majirani kwamba siku ya kupamba nitakuwa na kazi zangu. Ila sare nimeshaishona, na yule mama wa kupaka hina ni mimi niliyempa malipo ya kwanza, na asipoona mtu wa kumpokea atarudi na vyombo vyake, kwa hiyo hapo itabidi niwepo.

Vitu vyangu nilikuwa nimeshaanza kuviweka zamani. Nina chetezo na mrashi, na leso jozi sita za Biashara Street, nimezichagua jina moja moja, bado hazijakatwa wala kupindwa. Hakuna hata kimoja kilicho kwenye ile orodha. Nilimwambia kijana wangu aangalie tena, labda chetezo kimo chini chini. Hakimo. Kuna kitu kinaitwa mshumaa wa kunukia, 2,400, na kimeshanunuliwa.

Sasa kuna jambo jingine, nalo nakuandikia kwa sababu hunijui.

Mamake aliniachia bangili sita za dhahabu. Alinipa kwa mkono wake hospitalini, amezifunga kwenye kipande cha leso, akasema siku ya kupambwa mvishe. Ni amana. Mtoto anajua ziko, akiwa mdogo alikuwa akiomba kuziona na mimi namwonyesha. Zilizobaki ni nne.

Mwaka 2020 mbili nimeziuza. Mume wangu hajui mpaka leo. Wakumbuka ile kafyu ya korona, kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Wateja wangu ni watu wa feri ya alfajiri, wale wa kazi za bandarini na wapishi wa mahoteli. Mahamri yangu hutoka jikoni saa kumi. Nani angenunua saa kumi, na watu wako ndani? Hoteli zilifungwa, na waliobaki na kazi walipita mbio. Vyuo vilifungwa, yeye akarudi nyumbani, tukawa watu sita kwenye vyumba viwili. Bangili ya kwanza ilikuwa kodi ya miezi mitatu. Ya pili ilikuwa laptopu yake ya kusomea, ambayo anayo mpaka leo. Sikuila. Sikununua hata dera. Nilimwambia sonara aniwekee nitazikomboa, nilipomrudia akasema ameshaziyeyusha, na dhahabu sasa haishikiki kwa bei.

Nilikuwa nimejipanga kulisema kwenye mkeka, mbele ya mama mkubwa na wenzake. Wao wanajua mwaka ule ulivyokuwa, wangenisaidia maneno, na yeye angelisikia kutoka kwa watu wazima likiwa limeshatulia. Ningeanza na chetezo, kisha leso, kisha bangili. Sasa mkeka hakuna. Kuna linki. Kwenye linki nitaliandika wapi?

Kijana wangu ameniuliza jana, mama, hasira hii ni ya zile taulo au ni ya nini? Nikamfokea. Sijamfokea hivyo tangu alipokuwa shule ya msingi.

Basi dada, nilitaka kukuuliza kama ni adabu mtoto kumpelekea mzazi wake orodha ya bei. Hilo nijibu, maana majirani wamegawanyika. Na ukipata nafasi uniambie pia, bangili nne nimpe lini? Nimweleze kabla ya nikaha, tukiwa wawili, na kama atalia alie mapema? Au nimvishe nne siku ya kupambwa na ninyamaze mpaka aulize? Wapo watakaosema nitafute pesa ya mbili nyingine, nikope kwenye chama. Nimeshakopa chama, ndipo hina ilipotoka.

Kama utasema nimwombe aitishe mkeka hata siku moja, hata robo saa, nitamwomba. Lakini sitaki aone namwomba. Sijui kama umenielewa.

Nikaha ni Ijumaa ijayo baada ya Isha. Duka limeandika orodha inafungwa Jumapili hii. Kabla ya kuanza kukuandikia nimeifungua tena, safari hii peke yangu. Friji imeshanunuliwa, inaonekana watu wamechangishana. Taulo bado ziko.

Unga umeumuka, naenda kuwasha mkaa.

Mama mdogo,
Likoni