Sura ya mwenzangu haikuwa yangu kuisambaza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo lililonikaa rohoni tangu muhula uliopita. Mimi ni mwanafunzi wa chuo, mwaka wa pili, na kosa ninalotaka kulisimulia nililifanya mwenyewe.

Usiku wa kuamkia mtihani tulikuwa watano maktaba. Mmoja wetu alizidiwa, akalala juu ya daftari lake, mdomo wazi. Nilimpiga picha nikaituma kwenye kundi la WhatsApp la darasa, lenye watu zaidi ya mia moja. Watu walicheka, nami nikacheka nao. Kulipokucha tayari kuna aliyeikata ile picha na kuifanya stika. Haikupita siku moja ikawa imeingia kwenye makundi ya madarasa mengine, na mwenzangu akaanza kuitwa "Usingizi" na watu ambao hajapata hata kusalimiana nao.

Alinifuata akaniuliza, "Mbona hukuniamsha ukaniuliza?" Sikuwa na jibu. Nilirudi kwenye kundi nikafuta ile picha kwa wote, lakini maji yalikwisha kumwagika. Kufuta huondoa ujumbe pale ulipotumwa. Hakugusi nakala ambayo mtu ameshaihifadhi. Tena stika ina tabia yake: kila anayeipenda huiweka kwenye simu yake, akaituma siku nyingine kana kwamba yeye ndiye mwenye nayo. Najua WhatsApp wenyewe walijaribu kupunguza kasi ya kusambaza. Mwaka 2019 waliweka kikomo cha kuelekeza ujumbe mmoja kwa watu au makundi 5 kwa mara moja, na mwaka 2020 ujumbe uliokwisha kuzunguka sana ukabaki wa kuelekezwa sehemu 1 tu kwa mara moja. Ni hatua nzuri, lakini kikomo huhesabu mara ngapi. Hakimuulizi mtu kama aliyemo kwenye picha ameridhia.

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba mimi si mtu asiyejua maadili ya kazi za wengine. Tangu siku ya kwanza chuoni tumeonywa kuhusu wizi wa kitaaluma. Nikichukua sentensi moja ya mwandishi nisiyemfahamu, naandika jina lake, mwaka na ukurasa, na kazi yangu inapitishwa kwenye programu ya kukagua kabla haijasahihishwa. Tumefundishwa hakimiliki pia, kwamba chini ya Mkataba wa Berne wa 1886 mwandishi hulindwa bila kulazimika kujiandikisha popote, na kwamba kwa leseni za Creative Commons, zilizoanza kutolewa mwaka 2002, mtu hutangaza mapema masharti ya kutumia kazi yake: nitaje jina, usiifanyie biashara, usiibadilishe. Kwa sentensi ya mgeni nilikuwa na adabu yote hiyo. Kwa uso wa rafiki yangu sikuwa nayo hata chembe.

Na nilipoanza kusoma zaidi nikakuta jambo lililonishtua. Kwa kawaida hakimiliki ya picha ni ya aliyepiga, si ya aliyepigwa. Kwa maana hiyo ile picha ilikuwa kazi yangu, na mwenzangu aliyelala hakuwa na chochote ndani yake. Kinachoweza kumsaidia ni sheria za faragha na za kulinda taarifa binafsi, nazo zina mpaka wake. Sheria ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika Mei 2018, ambayo inatajwa sana darasani kwetu, haigusi mambo ambayo mtu anayafanya kwa ajili yake binafsi au nyumbani kwake tu. Lakini nyumbani kunaishia wapi? Mwaka 2003, chini ya sheria iliyoitangulia hiyo, Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua kesi ya mwanamke mmoja wa Uswidi, aliyekuwa akijitolea kanisani, ambaye aliandika mtandaoni habari za wenzake, ikiwemo kwamba mmoja wao alikuwa ameumia mguu. Hakuwa na nia mbaya. Mahakama ilisema kuweka taarifa mahali ambapo mtu yeyote anaweza kuziona hakuwezi kuhesabiwa kuwa jambo la nyumbani, na kwamba hata habari ya mguu ulioumia ni taarifa ya afya ya mtu.

Kundi la watu mia moja liko wapi kati ya sebule na uwanja wa wazi? Sijui hakimu angesema nini, wala sitaki kungoja hakimu. Mimi picha zangu nazichagua. Nikipiga kumi, tisa nazifuta, naweka ile ninayotaka watu wanijue kwayo. Mwenzangu hakupata nafasi hiyo. Watu wa madarasa mengine walimjua kwa picha niliyowachagulia mimi, tena akiwa hana habari. Kila ninapofikiria hilo naona aibu.

Siku hizi nikitaka kutuma picha yenye mtu mwingine namwonyesha kwanza, na nikimwomba ruhusa namtajia kundi lenyewe, maana anayekubali kuonwa na watu watano hajakubali kuonwa na mia. Ndivyo ilivyo pia kwa picha za skrini za mazungumzo, ambazo tunazirusha kila siku bila kuwaza. Ningependa wahadhiri wetu nao watutazame kwa jicho hilo, kwa sababu wapo wanaotuma kwenye makundi orodha za alama zenye majina yetu kamili, na aliyefeli anasomwa na darasa zima kabla hajajisoma mwenyewe. Saa moja katika somo la mbinu za utafiti, palepale tunapofundishwa kunukuu, ingetosha kuanzia.

Barua hii nimempa mwenzangu aisome kabla ya kukuletea. Ameniruhusu, ila amenitaka niondoe sentensi mbili zilizoeleza kwa nini alikuwa amechoka usiku ule. Nimeziondoa.

Wako,
Mwanafunzi wa mwaka wa pili