Mpwa wangu, liache hilo sanduku la mayai

Mpwa wangu,

Salamu zako zimefika, na picha ya hilo sanduku la mayai ya ndege unalotaka kulinunua dukani nimeitazama zaidi ya mara moja. Droo za mbao zimetandikwa pamba, na kila yai lina kikaratasi chenye tarehe na mahali lilipookotwa. Zuri ni zuri. Ila usilinunue.

Sheria niimalize haraka. Hapo Uingereza kuchukua mayai ya ndege wa porini kulipigwa marufuku mwaka 1954, na kuyauza ni kosa hata kama yai ni la enzi za Malkia Victoria. Siku hizi watu hufungwa jela kwa makosa ya mayai. Huyo mwenye duka ama hajui, ama anajua vizuri na ndiyo maana bei imekuwa rahisi.

Lakini hata sheria isingekuwepo ningekukataza. Hapo Hull hauko mbali na magenge ya bahari ya Bempton. Zamani wanaume wa vijiji vile walishuka kwa kamba kila msimu kuokota mayai ya ndege aitwaye gilemoti. Mengi yaliliwa. Yale ya kupendeza yalinunuliwa na matajiri. Gilemoti hutaga yai moja tu, juu ya mwamba mtupu, hana hata kiota. Kuna meupe, kuna ya kijani, kuna ya buluu iliyoiva, na mengine yamejaa michirizi kama mtoto aliyepewa kalamu ya wino. Jike hutaga rangi ileile miaka yote, tena palepale. Basi mkusanyaji akishaipenda rangi, alijua pa kuifuata mwakani. George Lupton, wakili mwenye pesa zake, alijikusanyia zaidi ya mayai elfu moja ya gilemoti, mengi katika miaka ya 1930. Fikiria jike anayeporwa mwaka hadi mwaka kwa kosa la kutaga yai zuri! Na wenyewe waliita elimu.

Elimu ilikuja kweli, ila kwa mlango ambao hawakuutarajia. Kozi, wale ndege wawindaji, walipoanza kuadimika Uingereza, mtaalamu wa ndege Derek Ratcliffe alipima makaka ya mayai yao yaliyokuwa kwenye makusanyo ya zamani, akayalinganisha na mapya. Mwaka 1967 akaonyesha kwamba tangu kama 1947 makaka yamekuwa membamba, yanavunjika chini ya mama. Chanzo kilikuwa DDT, dawa ya kuulia wadudu. Bila zile tarehe kwenye vikaratasi asingepata pa kuanzia.

Kwa hiyo mwambie mwenye duka asivibandue vikaratasi hivyo, na awaandikie watu wa makumbusho ya viumbe pale Tring awaulize la kufanya. Wewe pesa yako iwe nauli. Mwezi wa Mei panda treni hapo Hull, ushuke stesheni ya Bempton, utembee hadi kwenye magenge. Vaa koti zito, na ujiandae kwa harufu ya mavi ya ndege.

Mjomba wako