Msanifu wa mandhari naye atajwe

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika ukurasa wako wa barua. Kurasa za filamu katika magazeti yetu humtaja mwongozaji na waigizaji, lakini msanifu wa mandhari, yaani mtu aliyebuni kuta, dari na samani tunazoziona nyuma yao, hatajwi, hata pale kazi yake inapokumbukwa kuliko maneno yaliyosemwa.

Mfano ni Ken Adam, aliyezaliwa Berlin mwaka 1921 katika familia ya Kiyahudi iliyokimbilia Uingereza mwaka 1934, akasomea usanifu majengo London, na wakati wa Vita Kuu ya Pili akarusha ndege za kivita za Uingereza dhidi ya nchi aliyozaliwa. Kwa ajili ya Goldfinger, filamu ya jasusi James Bond ya mwaka 1964, hakuruhusiwa kuingia ndani ya hazina ya dhahabu ya Marekani iliyoko Fort Knox, kwa hiyo aliibuni mwenyewe: dhahabu imerundikwa nyuma ya nondo hadi juu kabisa, inameta, ingawa dhahabu halisi, kwa uzito wake, hairundikwi hivyo. Ghala la kweli, nadhani, lingetuchosha. Hili linatufanya tumwelewe mwizi.

Mwaka huohuo ilitoka Dr. Strangelove, filamu ya kejeli kuhusu vita vya nyuklia, yenye chumba cha vita ambacho meza yake kubwa ya duara inamulikwa na pete ya taa huku pembeni kukiwa giza. Mwongozaji Stanley Kubrick alitaka meza hiyo ifunikwe kitambaa cha kijani kama ya wacheza kamari, japokuwa filamu haikuwa ya rangi na hakuna mtazamaji ambaye angekiona kijani hicho. Waliopaswa kukiona ni waigizaji, ambao katika kisa kile wanachezea roho za watu wa dunia nzima.

Ajabu ni kwamba Oscar mbili za Adam hazikutokana na kazi hizo, wala na kreta ya volkano aliyoijenga kwa ajili ya filamu ya You Only Live Twice katika studio za Pinewood kwa takriban dola milioni moja, bali zilitokana na Barry Lyndon na The Madness of King George, filamu za karne ya 18 zilizotegemea sana majumba halisi. Alifariki mwaka 2016, akiwa ameshapewa hadhi ya Sir tangu 2003.

Ombi langu ni dogo: wahakiki wako wanapoandika jina la mwongozaji, waongeze na la msanifu wa mandhari. Ni mstari mmoja tu.

Wako,
Msomaji wa kurasa za filamu