Risala ya Klabu ya Wanafunzi wa Jiolojia na Petroli kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, uongozi wa chuo, walimu wetu, wageni waalikwa na wanafunzi wenzetu,

Karibu sana. Mwaka huu klabu imechambua kesi moja: mvutano wa Marekani kuhusu nani asimamie upasuaji wa miamba kwa shinikizo la maji. Gesi yetu ya Songo Songo na Mnazi Bay iko kwenye miamba ya mchanga inayoipitisha yenyewe, hivyo teknolojia hiyo kwetu bado ni ya darasani. Swali la mkaguzi ni nani, hilo tunalo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kisima kikishachorongwa hushushwa mabomba ya chuma. Saruji husukumwa chini kupitia ndani ya bomba, ikageuka na kupanda kwa nje, kati ya chuma na mwamba. Baadaye bomba hutobolewa kwenye tabaka lenye gesi, kisha maji yenye mchanga na kemikali husukumwa hadi mwamba upasuke. Mchanga hubaki ndani ya nyufa ili zisijifunge.

Cha kuangaliwa kwanza ni saruji. Bomba lisipokaa katikati ya shimo, saruji hufuata upande mpana na kuliacha tope la kuchorongea upande mwembamba. Tope hilo haligandi. Gesi hupata njia ya kupanda hadi kwenye maji ya kunywa, na juu ya ardhi hakuna anayeona kitu.

Kanuni iliyotolewa Machi 2015 na BLM, ofisi ya serikali kuu inayosimamia ardhi ya umma, ilikwenda moja kwa moja hapo. Pale ambapo saruji haikufika juu, mwendeshaji alitakiwa kupima na kuonyesha angalau futi 200, yaani kama mita 61, za saruji iliyoshika vizuri kati ya tabaka linalopasuliwa na maji yanayofaa kutumika. Bomba lijaribiwe kwa shinikizo kwa dakika 30 bila kupoteza zaidi ya asilimia 10. Shinikizo la nje ya bomba likipanda kwa zaidi ya pauni 500 kwa inchi ya mraba wakati wa kupasua, kazi isimame. Maji yanayorudi juu yawekwe kwenye matangi, si mashimo ya wazi, na kemikali zitajwe ndani ya siku 30 baada ya kazi kwisha.

Ukisoma masharti hayo, unaweza kudhani ugomvi ulikuwa juu ya saruji. Haukuwa. Majimbo ya Wyoming, North Dakota, Colorado na Utah yalikwenda mahakamani, na kabila la Ute, la wenyeji wa asili wa huko, likaenda kwa hoja ya mamlaka yake juu ya ardhi yake. Wyoming ilikuwa na kanuni ya kutaja kemikali tangu 2010, miaka mitano kabla ya serikali kuu. North Dakota ililalamika kwamba vipande vidogo vya ardhi ya shirikisho, yaani ya serikali kuu, vimechanganyika na vya watu binafsi, hivyo kisima kizima kingevutwa chini ya kanuni kwa sababu ya kipande kimoja. Hoja hiyo ni ya kweli kwa yeyote aliyewahi kuona ramani ya viwanja vya kule.

Fedha nazo zilikuwemo. Mrabaha wa visima vya nchi kavu kwenye ardhi ya shirikisho wakati huo ulikuwa asilimia 12.5, na karibu nusu yake hurudi kwenye jimbo. Majimbo kadhaa huzigawia kaunti fedha hizo kwa barabara na shule. Kibali kikichelewa, bajeti ya kaunti inachelewa nacho.

Jaji Scott Skavdahl wa Wyoming, aliyeteuliwa na Rais Obama mwenyewe, aliisimamisha kanuni kabla haijaanza kutumika, na Juni 2016 akaitengua. Hakuamua kama upasuaji ni mzuri au mbaya. Alisema Bunge halikuipa ofisi hiyo mamlaka, akirejea sheria ya nishati ya 2005. Desemba 2017 serikali iliyofuata iliifuta kanuni.

Hapa ndipo sisi hatukubaliani kabisa na majimbo, yaliyotanguliza mamlaka kuliko saruji. Huko Pavillion, Wyoming, rasimu ya ripoti ya wakala wa mazingira wa serikali kuu ya mwaka 2011 ilieleza kuwa upasuaji wa karibu zaidi na juu ulifanyika mita 372 tu chini ya ardhi, huku visima vya maji vya wakazi vikifika mita 244, na bomba la juu la kinga, lile la kulinda maji ya kunywa, katika baadhi ya visima vya gesi likiishia mita 110. Mwaka 2013 uchunguzi ulikabidhiwa kwa jimbo, na ripoti ya jimbo ya 2016 iliona upasuaji hauelekei kuwa chanzo cha uchafuzi. Kwa vipimo hivyo vya mabomba, sisi tungetaka kumbukumbu za saruji mezani kabla ya kujadili mamlaka ya nani.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwetu mkondo wa juu, yaani utafutaji na uzalishaji wa gesi na mafuta, unasimamiwa na mamlaka ya PURA kwa Sheria ya Petroli ya 2015, ila kisima kikivuja, wa kwanza kuulizwa na wananchi ni diwani na afisa mazingira wa halmashauri. Tunaomba utusaidie kupata nakala za vipimo vya saruji vya visima vya zamani kwa mazoezi ya darasani, na nafasi mbili kwa maofisa mazingira wa Kilwa na Mtwara kwenye mafunzo yetu ya kusoma vipimo hivyo. Ukumbi na mwalimu tunavyo. Kilichopungua ni nakala hizo na nauli.

Tunaomba kuwasilisha.